Kisanduku cha Kumi na Nne

Wazee wa lile jengo la zamani nyuma ya kiwanda cha sabuni walimwita Dada Ustawi, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Kazini alikuwa na cheo kirefu, afisa ustawi wa jamii daraja la pili, lakini nani ana pumzi ya kutaja yote hayo akiwa katikati ya ngazi na ndoo mkononi? Dada Ustawi ilitosha.

Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na sita, mwembamba, mwenye mwendo wa mtu aliyechelewa hata siku ambazo hakuchelewa. Aliingia ofisi ile akiwa msichana wa kufagia na kuchemsha chai. Alipopanga mafaili kabatini aliyasoma kimyakimya, na siku moja mkuu wa wakati huo alimkuta amechuchumaa sakafuni analia, faili la mtoto fulani limefunguka magotini. Badala ya kumfukuza, akamwandikia barua ya kwenda kusoma. Alisoma jioni kwa miaka minne, mchana anafagia. Siku aliyorudi na cheti alifagia ofisi kwa mara ya mwisho, akausimamisha ufagio pembeni, akanawa mikono, akaketi kwenye meza. Kisa hicho alikipenda, na hakuona haya kukisimulia.

Katika miaka ishirini na miwili alikuwa amefanya kazi chini ya sera tatu, na kila sera aliikumbuka kwa uzito wa mkoba wake. Ya kwanza ilisema wazee wapewe vitu, basi mkoba ulijaa sabuni na mablanketi, na bega lake la kulia mpaka leo limeshuka kidogo kuliko la kushoto. Ya pili ilisema mzee ni wa familia yake. Hapo mkoba ukawa mwepesi, karatasi tupu za kutiwa sahihi na ndugu. Kazi ikawa kuwasaka watoto na wapwa, kuwabembeleza na kuwabana, na wakishatia sahihi, faili linafungwa.

Ni katika sera hiyo ya pili lilipomfika jambo ambalo hakulisimulia hovyo. Kulikuwa na mzee mmoja, mfunga vitabu mstaafu, aliyeishi peke yake katika chumba cha uani. Mwanawe alitia sahihi kwamba yeye ndiye mtunzaji. Faili likafungwa, na faili likishafungwa afisa hakuwa na ruhusa ya kurudi. Dada Ustawi alipita mtaa ule kila Jumanne. Kila Jumanne aliutazama ule mlango, akajiambia, ana mtu wake huyu. Mwana alikuwa amehamia mji mwingine tangu mwezi wa pili. Mzee alikaa siku tisa ndani baada ya kufa, na karatasi muda wote huo inasema anatunzwa vizuri. Tangu siku ile Dada Ustawi aliapa kwamba hataandika tena jina la mtunzaji asiyemjua kwa sura.

Sera ya tatu ilitoka mbali. Ilizaliwa kwenye mkutano wa mataifa, ikatafsiriwa, ikapunguzwa, ikagongwa mihuri, ikafika ofisini imo ndani ya kishikwambi kilichovishwa mpira ili kikianguka kisipasuke. Ndani yake mlikuwa na fomu ya maswali thelathini, na kisanduku cha kumi na nne kiliuliza: jina la mtunzaji anayeishi na mzee. Mzee aliyepita miaka sabini na mitano, mwenye ulemavu au maradhi ya kudumu, akikosa jina la kujaza hapo, ahamishiwe makao ya wazee ndani ya siku sitini. Wanaume makao yao, wanawake yao, na kutoka haya kwenda yale ni safari ya kutwa nzima.

Wazee wake wanne waliishi kwenye ngazi ya nyuma ya lile jengo, chumba kimoja na jiko lake kila ghorofa. Juu kabisa alikaa Fundi Saa. Miguu ilikuwa imemtupa, lakini macho yake bado yalisoma maandishi madogo kama mayai ya sisimizi. Chini yake aliishi Bibi Redio, kipofu kwa miaka kumi na moja sasa, mwenye miguu ya kupanda ngazi bila kugusa ukuta na masikio ambayo majirani waliyaogopa. Wa tatu alikuwa Mshonaji, aliyeshona sare za shule za nusu ya mji. Mikono yake ilikuwa hodari bado, ila kumbukumbu ilikuwa ikimtoroka, aweze kubandika sufuria motoni kisha akaenda kulala. Na chini kabisa Refa, aliyechezesha mpira miaka thelathini, kifua kama mlango, masikio yamekufa yote mawili.

Sasa tazama walivyoishi. Refa alimbeba Fundi Saa mgongoni, akampeleka bafuni, akamshusha uani kuota jua. Fundi Saa alimsomea Bibi Redio vidonge vyake na kumpangia kwa saa, maana alikuwa navyo vya aina sita na viwili vinafanana kwa kupapasa. Bibi Redio alikaa jikoni kwa Mshonaji kila anapopika, anaisikiliza sufuria na kunusa. Mshonaji naye alimpikia Refa na kumpokelea simu za wanawe, kwa sababu Refa akiachwa peke yake hula mkate mkavu asubuhi mpaka jioni, na simu iite mpaka ichoke.

Dada Ustawi alipofika kisanduku cha kumi na nne aliandika alichokiona. Mtunzaji wa Fundi Saa, Refa. Wa Bibi Redio, Fundi Saa. Wa Mshonaji, Bibi Redio. Wa Refa, Mshonaji. Akabonyeza kutuma. Kishikwambi kikawaza kidogo, kikatoa mstari mwekundu: Mtunzaji yumo katika orodha ya wanaotunzwa. Fomu imekataliwa.

Akadhani amekosea kuandika. Akarudia. Aliujaza ukweli mara nne, na mara nne mashine ikamwambia hapana.

Mkuu wa kitengo, kijana aliyemzidi cheo na kuzidiwa naye umri, alimwita ofisini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye simu tatu.

"Dada yangu," alisema, "hizi fomu nne zinaniharibia orodha nzima. Andika jina la mpwa tumalize."

"Mpwa yupi, mkuu?"

"Yeyote. Kuna mzee asiye na mpwa?"

"Nikiandika mpwa, wazee watabaki salama kwenye karatasi."

"Si ndiyo?"

"Na nikishaandika mpwa, mimi sitaruhusiwa kwenda. Faili limefungwa. Hilo nimelifanya mara moja, mkuu. Silifanyi tena."

Mkuu alijua kisa cha mfunga vitabu, kila mtu ofisini alikijua. Akakuna kichwa. "Basi usipoandika, gari la kuwahamisha linakuja tarehe ishirini. Mimi siwezi kubishana na mashine. Mashine haina sikio."

"Refa naye hana," alisema Dada Ustawi, "lakini ukimwandikia anaelewa."

Wenzake pale nje walikuwa wamesikia yote. "Wewe na wazee wako wa kuzungukana," mmoja alimtania. "Siku moja utaandika paka ndiye mtunzaji."

"Akiwa anafika kila asubuhi, nitamwandika."

Jioni alikwenda kuwaambia wenyewe, kwa sababu aliona si haki mtu kupangiwa safari bila habari. Aliwakuta wote jikoni kwa Mshonaji, Fundi Saa ameshushwa na kuwekwa kwenye kiti chenye mto. Aliamkia, akaitikiwa, akaeleza. Refa alielezwa kwa kuandikiwa kwenye ubao mdogo wa shule uliokuwa ukutani kwa kazi hiyo.

"Huko makao kuna ngazi?" aliuliza Fundi Saa.

"Hakuna, babu. Yote ni chini."

"Basi kwa miguu yangu ni kuzuri. Lakini huyu bibi nani atamsomea vidonge? Si atameza vya presha mara mbili afe anacheka?"

"Usiniue mimi, jiue mwenyewe," alijibu Bibi Redio. Kisha akasema taratibu, "Mimi, binti yangu, sitaki kulala mahali ambapo sijui anayekohoa ni nani."

Mshonaji aliacha kumenya viazi. "Tunakwenda wapi?"

"Hatujakwenda popote, mama," alisema Dada Ustawi.

Baada ya muda kidogo akauliza tena, "Tunakwenda wapi?" na Bibi Redio akamjibu kama vile ndiyo mara ya kwanza kuulizwa, "Hatuendi popote, mwenzangu. Endelea kumenya." Alipouliza mara ya tatu, Refa, ambaye hakusikia lakini alimwona midomo, alichukua chaki akaandika ubaoni kwa herufi kubwa: HAPA HAPA. Akaupigia mstari.

Dada Ustawi alishuka ngazi na roho nzito. Zilikuwa zimebaki siku kumi na nane.

Wiki iliyofuata kulikuwa na mkutano ukumbini, wa kukagua utekelezaji wa mwongozo wa sera ya tatu. Mgeni rasmi alikuwa mama mmoja wa makamo kutoka ng'ambo, nywele za mvi zimekatwa fupi, mmoja wa wale walioketi mezani mwongozo ulipoandikwa. Aliijua lugha yetu kwa kujifunza ukubwani, akaizungumza polepole na kwa unyoofu, kila neno akiliweka chini kama anapanga vikombe. Alieleza kwamba nchi zaidi ya thelathini sasa zinatumia fomu ile. Watu wakapiga makofi. Mkuu wa kitengo akaonyesha michoro yenye rangi.

Ulipofika wakati wa maswali, Dada Ustawi alinyosha mkono. Mkuu alipoona mkono wa nani, alifumba macho.

"Nina swali dogo," alisema, akasimama, na sauti yake ikatoka ndogo kuliko alivyotaka. Akapiga moyo konde akaanza upya. "Mtu anayetunzwa, anaruhusiwa kutunza?"

Ukumbi ukacheka. Hawakucheka kwa ubaya, swali tu lilisikika la kitoto. Mgeni hakucheka. Alichomoa kalamu.

"Tafadhali, rudia."

"Nina wazee wanne. Kila mmoja ana kasoro yake, na kila mmoja anamshika mwenzake pale penye kasoro. Fomu yenu inasema huwezi kuwa upande wa kupokea na upande wa kutoa. Mimi nyumbani kwangu niko pande zote mbili, na mume wangu vilevile, na bado hamjatuhamisha."

Safari hii kicheko kilikuwa upande wake. Mgeni aliandika mistari mitatu, akasema watazungumza wakati wa chai.

Kwenye chai walisimama dirishani, kila mmoja na kikombe chake. Mgeni alisema, "Kisanduku kile nilikipigania mimi. Unajua kwa nini?"

"Kwenu alikuwa nani?" aliuliza Dada Ustawi.

Yule mama akakishusha kikombe. Hakutegemea kuulizwa hivyo. "Mwanamke mmoja," alisema. "Ghorofa ya sita. Majirani walidhani amesafiri. Ilipita wiki tatu. Mimi ndiye niliyekuwa afisa wake."

"Kwetu alikuwa mfunga vitabu. Siku tisa. Mimi ndiye niliyekuwa afisa wake."

Walikunywa chai. Kisha Dada Ustawi akasema, "Basi mimi na wewe hatubishani. Kisanduku kinauliza nani anaishi naye. Ulichotaka kuuliza ni kingine. Ulitaka kuuliza, akipotea, itachukua muda gani mtu kujua?"

Mgeni alichomoa kalamu tena. "Na kwa wazee wako itachukua muda gani?"

"Sijawahi kupima. Njoo upime."

"Kesho nasafiri. Ndege ni saa nne asubuhi."

"Wao huamka mapema. Njoo saa moja kasorobo."

Mkuu, aliyekuwa nyuma yao akijifanya anachagua kitafunwa, alipaliwa na chai.

Asubuhi gari jeupe la ofisi lilipita uchochoro wa nyuma, kwa kuwa dereva aliona barabara ya mbele ina mashimo. Wakaingia kwa mlango wa uani, mgeni, mkuu na Dada Ustawi, wakapanda mpaka kwa Bibi Redio. Alikuwa ameshaketi, kitambaa kipya kichwani, kijiko cha chuma mapajani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mko watatu. Mmoja ana viatu vipya vinambana." Mkuu alitazama viatu vyake. "Kaeni. Na msiongee sana, karibu inagonga saa moja."

Akawaeleza. Katika kona ya jiko la kila chumba lilipita bomba la chuma kutoka juu mpaka chini, bomba la maji la zamani, kavu miaka mingi. Kila asubuhi saa moja kamili Fundi Saa, kwa kuwa ndiye mwenye saa, hugonga mara moja. Yeye hugonga mbili, Mshonaji tatu, Refa nne.

"Refa si hasikii?" aliuliza mgeni.

"Anashika bomba kwa kiganja, mwanangu. Linamtikisa. Anasema ni kama kushikana mikono."

"Na Mshonaji hasahau?"

"Anasahau kula. Anasahau jina langu. Bomba hajasahau hata siku moja, usiniulize kwa nini."

Juu pakagongwa: moja. Bibi Redio akagonga mbili. Kutoka chini zikapanda tatu, za haraka, kama mtu anayebisha hodi. Kisha kimya.

Mgeni alifungua kinywa. Bibi Redio akainua kidole. Kimya kikaendelea, na Dada Ustawi hakuwa amepanga lolote wala hakujua kuna nini.

"Refa hajagonga," alisema Bibi Redio. Kabla hajamaliza alikuwa ameshasimama. Alishuka ngazi bila fimbo, vidole viwili tu vinaupitia ukuta, na wageni nyuma yake wanashikilia chuma cha ngazi kwa woga. Chini walimkuta Mshonaji ameshatoka, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, anausukuma mlango wa Refa. Kitanda kimetandikwa. Mtu hayumo.

"Hayumo!" Bibi Redio alipaza sauti kuelekea juu, sauti ambayo hukuitegemea kwenye mwili mdogo vile. "Fundi! Dirishani!"

Juu kukasikika kiti kikiburutwa, kitu kikaanguka, Fundi Saa akatoa neno lisiloandikika. Kisha: "Nimemwona! Yuko getini mbele, amevaa kama bwana harusi!"

"Mwite!"

"Nimwite nani, kiziwi? Subirini!"

Kutoka dirisha la juu ukashuka mto, ukazunguka hewani mara moja, ukatua kichwani kwa Refa. Alikuwa amesimama barabarani tangu alfajiri katika sare yake nyeusi ya uamuzi, soksi zimevutwa mpaka magotini, akiwangojea wageni ambao walikuwa wamepita nyuma. Alitazama mto. Alitazama juu. Akapuliza filimbi mtaa mzima ukasimama, akatoa kadi nyekundu mfukoni, akamwonyesha Fundi Saa.

"Mwonyeshe mama yako!" alijibu Fundi Saa kutoka juu.

Mshonaji alikuwa ameshamfikia. Alimpiga kofi la bega, akamshika mkono, akamvuta ndani huku anamgombeza kwa maneno ambayo hakuyasikia hata moja, naye anaitikia kwa kichwa yote.

Mgeni alikuwa ameegemea ukuta anafuta machozi ya kucheka. Akageuza mkono kutazama saa yake. "Dakika mbili na sekunde arobaini," alisema.

"Mto ulichukua muda," alisema Bibi Redio. "Siku nyingine ni haraka zaidi."

Lakini yule mama hakufika pale alipo kwa kuchekeshwa. Walipoketi tena kwa Bibi Redio alifunga daftari, akauliza kwa upole, na swali lake lilikuwa kali. "Wako wanne. Mmoja akifa, au akilazwa, anayefuata anabaki bila mtu. Kisha anayefuata. Nikiandika kwamba hii inaruhusiwa, nitakuwa nimeruhusu na hilo. Utafanya nini?"

Mkuu alikohoa. Fundi Saa alikuwa amebebwa na Refa mpaka pale mlangoni na bado yuko mgongoni. Swali hilo wazee walikuwa wakiliwaza kila mmoja kivyake, na hakuna aliyewahi kulitamka.

Dada Ustawi alifikiria sabuni na mablanketi, alifikiria karatasi za sahihi, alifikiria mlango wa uani aliokuwa akiupita kila Jumanne.

"Hapo ndipo mimi ninapoingia," alisema. "Mimi siwezi kuwatunza. Nina wazee mia moja na sitini. Lakini wao kutunzana wanaweza, na wanajua kuliko mimi. Kazi yangu ni kuja kila wiki kuangalia nani amechoka, nani ameanza kusahau zaidi, nani anahitaji wa tano kabla wa nne hajaondoka. Mwongozo wenu unanipa kazi mbili tu, kuwahamisha au kufunga faili. Nipeni kazi ya kurudi. Faili libaki wazi, na liandikwe kwamba ni lazima nirudi. Nisiporudi, nifukuzwe mimi, wasihamishwe wao."

Mkuu alimwangalia kama anamwona mara ya kwanza. Kisha akafanya jambo ambalo Dada Ustawi anamheshimu kwalo mpaka leo. Alisema, "Mimi nitatia sahihi hilo pamoja naye."

Mgeni akauliza, "Unaweza kuniandikia, kabla ya ndege?"

Aliandika ndani ya gari, kurasa mbili za mkono, kishikwambi kimelazwa magotini kama ubao wa kuandikia. Kwenye kona ya pili gari lilipita shimo na kalamu ikaruka, ndiyo maana neno "kutunzana" kwenye ukurasa wa kwanza lina mkia mrefu. Mgeni alizikunja, akazitia mfuko wa ndani wa koti.

Siku zikaenda. Tarehe kumi na tano hakuna jibu. Tarehe kumi na sita Mshonaji alifungasha nguo zake zote, akasahau kwa nini, akazifungua. Tarehe kumi na saba barua ikaja: uhamisho wa wazee wanne usitishwe mwaka mmoja kwa majaribio, afisa husika afanye ziara kila wiki na kuripoti. Mkuu mwenyewe aliipeleka mezani kwa Dada Ustawi, akaiweka mbele yake, akarudi kwenye simu zake tatu.

Dada Ustawi alikwenda kila wiki, mvua au jua. Akamtafuta wa tano, mpiga chapa mstaafu wa ngazi ya mbele, mwenye mikono inayotetemeka na kumbukumbu ya ajabu, na wazee wakamkubali baada ya kumtukana wiki mbili. Huko nje kurasa mbili zilikuwa zimepigwa chapa na kusambazwa kwa maofisa wa nchi nyingine watoe maoni. Maoni yakaanza kurudi. Afisa wa nchi moja ya baridi, mtu asiyemjua wala hatamjua, aliuliza kwa makini kabisa bomba lenyewe ni la chuma au la plastiki, kwa sababu ana jengo lenye wajane saba. Mwingine alisema kwao wazee hutandaza shuka jekundu dirishani kila asubuhi kujulishana kwamba wako salama, na kwamba miaka yote alikuwa akilificha jambo hilo kwenye ripoti ili wasihamishwe. Dada Ustawi aliisoma hiyo mara mbili, akaenda nayo nyumbani kumsomea mumewe, fundi wa kupaka rangi, aliyekuwa akisugua mikono kwa mafuta ya taa.

"Kumbe mko wengi wenye kichwa kigumu," alisema mumewe.

Mwezi wa nane fomu mpya ikaingia kwenye vishikwambi vya wote. Kisanduku cha kumi na nne kilikuwa kimepanuka. Mkuu aliwakusanya watumishi wote, akawaonyesha ukutani, akamwambia Dada Ustawi asimame. Wenzake waliomtania habari za paka walipiga makofi mpaka akakosa pa kuweka mikono.

"Jina lako hawakuliweka," alisema mkuu baadaye, kwa kuona aibu kidogo, kama vile kosa ni lake.

"Jina la kazi gani? Neno lao la zamani limetoka, langu limeingia."

Alasiri hiyo hiyo alipanda ngazi ya nyuma. Waliketi jikoni watano, mpiga chapa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Dada Ustawi alijaza kimoja baada ya kingine, Refa mtunzaji wa Fundi Saa, Fundi Saa wa Bibi Redio, mpaka mwisho, akabonyeza kutuma. Kishikwambi kikawaza. Mstari ukatokea, wa kijani.

"Kimesemaje?" aliuliza Bibi Redio.

Akawasomea kilichoandikwa kwenye kisanduku: Wazee wanaotunzana wao kwa wao watatambuliwa kuwa watunzaji kamili, na hawatahamishwa kwa sababu ya kuishi peke yao. Faili lao halitafungwa. Afisa atarudi.

Mshonaji alikuwa amefunika mdomo kwa aproni. Fundi Saa alitazama pembeni, akapangusa miwani ambayo haikuwa na vumbi. Refa alinyosha mkono, akataka kuiona mashine, akaisoma mwenyewe kwa kidole, neno kwa neno, midomo ikicheza.

"Afisa atarudi," alisema kwa sauti kubwa ya kiziwi, akamwelekezea kidole Dada Ustawi. "Ni wewe huyu!"

"Ni mimi, babu."

Bibi Redio alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza kama anavyosikiliza sufuria. "Soma tena," alisema. "Kuanzia mwanzo, na usikimbie."

Dada Ustawi akavuta kiti, akaketi, bega la kulia limeshuka kidogo kama kawaida, akaanza kusoma.